Diski ya inje kwa PlayStation: namna ya kuchagua bila kupoteza feza wala michezo

Siku ya Posho mchana, katika sali za michezo za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, watoto na vijana wanajipanga mbele ya ekrani na feza mukononi. Mumoja anaomba mpira, mwingine anaomba GTA, wa tatu anataka muchezo wa kupigana wenye aliona kwa rafiki yake. Mwenye sali anajaribu kutia muchezo mupya, na PS4 inamujibu kama nafasi haitoshi. Sasa anapaswa kuchagua muchezo gani atafuta. Akifuta, wateja wa ule muchezo wataenda kwa jirani. Akikataa kufuta, wale wa muchezo mupya wataenda kwa jirani vilevile.

Ni pale watu wengi wanaanza kutafuta diski ya inje. Na ni pale pia wengi wanapoteza feza. Kuko wenye wananunua diski na konsoli inaikataa. Kuko wenye wananunua ile yenye imeandikwa tera 16 kwa bei ya chini, na kisha juma mbili michezo haifunguke tena. Kuko hata familia zenye zilipoteza picha zote za ndoa na za watoto, kwa sababu kijana wa nyumba alichomeka diski ya baba kwa PS4 na kukubali kila kitu chenye mashini ilimuuliza.

Makosa hayo yote yanaweza kuepukwa. Inaomba tu kujua mambo machache mbele ya kutoa feza.

Sababu gani nafasi inaisha haraka

PS4 ya kawaida inauzishwa na diski ya ndani ya giga 500. Lakini giga zote 500 haziko za michezo. Sehemu moja inachukuliwa na programu yenye inaendesha mashini, na yenye inabakia kwa mutumiaji ni karibu giga 400. Muchezo wa mpira wa miaka ya sasa unaomba giga 40 mpaka 50. GTA V inakaribia giga 100. Call of Duty za nyuma zinapita hata giga 100. Kwa hiyo, mashini yenye inaonekana kuwa na nafasi kubwa inajaa na michezo sita ao saba.

Wengine wanafikiri kama mutu akiwa na muchezo katika CD, hahitaji nafasi. Hapana. Kwa PS4, CD inatumika kwanza kwa kupeleka muchezo ndani ya diski, na kisha inatumika kama ushuhuda wa kwamba mwenye kucheza anayo. Muchezo wenyewe unasomwa kutoka ndani ya diski. Ndiyo maana CD kumi zinajaza mashini sawa vile michezo kumi ya intaneti.

Kuko jambo lingine lenye watu hawajui. Wakati muchezo unapata mabadiliko mapya kwa intaneti, PS4 inafanya kwanza kopia ya muchezo, kisha inaweka yale mabadiliko. Kwa hiyo inaomba nafasi ya bure yenye inakaribia ukubwa wa muchezo wenyewe. Mutu anaweza kuona kama iko na giga 30 za bure, mabadiliko ni giga 2 tu, na mashini inakataa. Haijaharibika, inakosa nafasi ya kufanyia kazi. Kwa sababu hiyo, diski yoyote, ya ndani ao ya inje, haifae kujazwa mpaka mwisho.

Hapa kwetu, kufuta muchezo na kuuleta tena siyo jambo dogo. Mahali kwenye intaneti inalipwa kwa mwezi na inafika mpaka ndani ya nyumba, mutu anafuta leo na kuleta tena kesho. Lakini mutu mwenye ananunua mega kwa telefoni, muchezo wa giga 50 unaweza kumulazimisha kulipa tena feza nyingi na kungojea siku nyingi. Diski ya inje inamusaidia kutunza kitu chenye alikwisha kulipia.

Jambo la kwanza: jina la konsoli

Diski yenye inafaa kwa mashini moja inaweza kukosa kazi kwa ingine. Mbele ya kuenda sokoni, mununuzi aangalie kwanza ni konsoli gani iko nayo.

PS3 iko ingali katika nyumba nyingi. Kwa ile mashini, diski ya inje haitumike kwa kucheza michezo kwa njia ya kawaida. Inafaa kwa filme, muziki na kwa kutunza kopia, tena inapaswa kuwa imeformatiwa katika mutindo wa FAT32, wenye haukubali faili moja yenye inapita giga 4. Mutu mwenye PS3 yenye imejaa afazali abadilishe diski ya ndani. Ni diski ndogo ya inchi 2,5, sawa ile ya kompyuta ya kubeba.

PS4 ndiyo yenye inafaidika zaidi na diski ya inje. Tangu mabadiliko ya programu namba 4.50, yenye yalitoka mwezi wa 3 mwaka wa 2017, PS4 inaweza kutia michezo ndani ya diski ya inje na kuicheza kutoka pale pale. Mashini yenye ingali na programu ya zamani kuliko hiyo haitaona ile nafasi. Masharti yake ni haya: diski iwe ya USB 3.0 ao ya kisha hiyo, ukubwa wake uanzie giga 250 na usipite tera 8, na ichomekwe moja kwa moja kwa mashini, bila kupitia kifaa cha kugawanya USB. Tena, PS4 inatumia diski moja tu ya namna hiyo kwa wakati.

Yale masharti ya giga 250 yanakamata watu wengi. Katika maduka kuko SSD nyingi za giga 240, na bei yake inavutia. Mununuzi anaona tofauti ya giga 10 na kufikiri kama ni kitu kidogo. PS4 haina huruma: chini ya giga 250, inakataa. Giga 256 inapita, giga 240 haipite.

PS5 iko na kanuni ingine. Michezo yenye ilitengenezwa kwa PS4 inaweza kuchezwa kutoka kwa diski ya USB. Lakini michezo ya PS5 yenyewe inaweza tu kutunzwa pale. Kwa kuicheza, inapaswa kurudishwa kwanza ndani ya mashini. Diski ya USB, hata iwe ya bei kali namna gani, haitabadilisha hilo. Mwenye kutaka nafasi zaidi ya kuchezea michezo ya PS5 anapaswa kununua SSD ya namna ya M.2 NVMe, ya kizazi cha 4, yenye chuma cha kutoa joto, na kuiingiza ndani ya mashini. Sony inashauri ile yenye inasoma kwa mwendo wa mega 5 500 kwa sekunde ao zaidi. Vilevile, kwa PS5 za kwanza, ule mulango wa USB wa mustatili wenye uko mbele ni wa mwendo mudogo. Diski ichomekwe nyuma.

Xbox One inafanya kazi karibu sawa PS4: USB 3.0 na giga 128 ao zaidi. Xbox Series X na Series S zinafanana na PS5: michezo ya zamani inachezwa kutoka kwa diski ya inje, lakini ile yenye ilitengenezwa kwa hizo mashini inaomba diski ya ndani ao kadi yake ya pekee. Nintendo Switch haitumie diski ya inje kwa michezo. Yenyewe inaomba kadi ndogo ya microSD, sawa ile ya telefoni.

HDD ao SSD?

Kuko aina mbili za diski. HDD iko na sahani zenye zinazunguka ndani, na kichwa kidogo kinasoma juu yake bila kuigusa. Nyingi za inchi 2,5 zinazunguka mara 5 400 kwa dakika. SSD haina kitu chenye kinazunguka. Inatunza kila kitu ndani ya vipande vya elektroniki, sawa flash, lakini yenye mwendo na nguvu zaidi.

HDD iko na faida ya bei. Kwa feza moja, mutu anapata nafasi kubwa kuliko kwa SSD. Lakini haipende kuangushwa, na haipende kutikiswa wakati inafanya kazi. Katika sali kwenye watoto wanasukumana, meza inapigwa magoti kila wakati mutu anakosa penalti, ile ni hatari ya kweli. Kichwa kikigusa sahani, michezo yote inaweza kwenda, na pengine diski haitengenezeke tena.

SSD inavumilia kutikiswa, haipige kelele, na inafungula michezo haraka zaidi. Kwa PS4, tofauti inaonekana wakati wa kungojea muchezo ufunguke: inapunguka, lakini haiishe, kwa sababu PS4 yenyewe iko na mipaka yake. SSD haitafanya picha kuwa nzuri zaidi wala mpira kukimbia zaidi. Muuzishaji mwenye anaahidi hivyo anadanganya.

Kwa nyumba kwenye diski itawekwa nyuma ya televizio na kubakia pale, HDD ya tera 1 inatosha watu wengi. Kwa sali yenye watu wengi, ao kwa mutu mwenye anabeba diski kila wakati kutoka kwake mpaka kwa rafiki, SSD ya giga 500 ao tera 1 inaweza kulipa bei yake, hata kama nafasi ni kidogo.

Watu wasishangae wakiona kama diski yenye imeandikwa tera 1 inaonyesha giga 931 kwa kompyuta. Hakuna mwizi pale. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, na kompyuta inahesabu kwa 1 024. Lakini tera 1 yenye inaonyesha giga 400, ile ni jambo lingine.

Umeme na kamba

Katika majimbo yetu, umeme unakatika bila kupiga hodi. Hata mutu awe kwa laini ya SNEL, ya Virunga Energies, ya Socodee ao atumie jenereta ya jirani, jambo hilo linapaswa kuingia katika hesabu ya mununuzi wa diski.

Diski za inje za inchi 3,5, zile kubwa na nzito zenye zinasimama juu ya meza, zinaomba prizi yake zenyewe, yenye adaptateri ya volti 12. Kwa hiyo ni waya ingine, prizi ingine, na kitu kingine chenye kinaweza kuungua umeme ukirudi kwa nguvu. Zile za inchi 2,5 zinapata umeme kupitia kamba ya USB kutoka kwa konsoli. Kwa hapa, hizo ndogo ndizo zinafaa zaidi. Kwa sali yenye inatumia panno za jua na betri, zinasaidia pia kwa sababu zinakula umeme kidogo.

Hatari kubwa ni umeme kukatika wakati diski inaandika kitu, maana yake wakati muchezo unaingizwa, unahamishwa ao unapata mabadiliko. Muchezo unaweza kuharibika nusu. PS4 ikiwashwa tena, inasema kama haikuzimwa vizuri na inaanza kuchunguza diski. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika nyingi. Mutu asichomoe kamba kwa haraka ya kutaka kucheza, aiache imalize. Na umeme ukikatika, ni vizuri kuchomoa prizi ya konsoli na ya ekrani mara moja, na kungojea dakika chache kisha umeme kurudi. Stabilizateri inasaidia juu ya umeme wenye unapanda na kushuka. Onduleri yenye betri inafanya zaidi: inapatia mwenye sali dakika za kuzima mashini vizuri. Kwa mutu mwenye iko na PS4 tatu na diski tatu, ile onduleri ndogo ni sehemu ya bei ya diski.

Kamba pia inadanganya wengi. HDD nyingi za USB 3.0 ziko na mulango mupana wenye sehemu mbili. Kamba ya telefoni ya zamani inaweza kuingia katika sehemu moja ya ule mulango, na kwa kompyuta diski inafanya kazi, lakini kwa mwendo wa USB 2.0. Kwa PS4, mashini itasema kama diski haifae. Mbele ya kurudisha diski kwa duka na kugombana, mutu ajaribu kamba yake ya kweli. Na wakati wa kununua diski ya okazio, aombe kamba yake palepale.

Diski za bandia

Hili ndilo jambo lenye linakula feza za watu wengi. Katika soko na kwa matangazo ya telefoni kunaonekana diski ndogo, nzuri kwa macho, zenye zimeandikwa tera 8, 16 ao hata 30, kwa bei yenye haifikie hata ya tera 1 ya kweli. Mara nyingi, ndani kuko kadi ndogo ya telefoni ya giga 32 ao 64, na kifaa chenye kimebadilishwa ili kidanganye kompyuta juu ya ukubwa wake.

Udanganyifu wake uko hivi. Kompyuta inauliza: uko na nafasi ngapi? Ile diski inajibu: tera 16. Mutu anatia faili za kwanza, zinafunguka vizuri. Lakini zikipita ukubwa wa kweli, diski inaendelea kusema kama imepokea, na kumbe inaandika juu ya zile za kwanza ao inazitupa. Mununuzi anajua jambo hilo kisha siku nyingi, wakati faili hazifunguke tena. Muuzishaji wa barabarani, pengine hayuko tena pale.

Kwa mwenye PS4, kuko alama moja ya haraka: mashini inaishia kwa tera 8. Diski yenye imeandikwa tera 16 haina kazi kwa PS4, hata kama ingekuwa ya kweli. Lakini kuko pia bandia zenye zimeandikwa tera 1 ao 2, na zile ni ngumu zaidi kutambua kwa macho. HDD ya kweli iko na uzito mukononi, na mutu akiigusa wakati inafanya kazi anasikia inatetemeka kidogo. Kwa SSD, uzito hausaidie, kwa sababu hata ya kweli ni nyepesi.

Dawa ni kujaribu. Kwa kompyuta ya Windows kuko programu ya bure yenye jina H2testw. Kwa Linux kuko F3. Zinajaza diski yote, kisha zinasoma tena kila kitu na kusema ukubwa wa kweli. Diski iwe tupu mbele ya kazi hiyo. Ni kazi ndefu: HDD ya tera 1 yenye inaandika mega 100 kwa sekunde inaomba karibu saa 3 kwa kujazwa, na karibu saa zingine 3 kwa kusomwa. Kwa mutu mwenye hana wakati huo, njia ya katikati ni kuenda kwa wale vijana wenye wanatiaka watu filme ndani ya flash. Wajaze diski na filme zenye zinapita giga 100, waichomoe, waichomeke tena, na wafungule filme ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Hiyo haishuhudie diski yote, lakini bandia nyingi zinaanguka pale.

Tuseme muchezo mumoja katika sali unalipwa franka 500, na diski inauzishwa franka 150 000. Ni michezo 300 yenye inapaswa kuchezwa kwa kurudisha ile feza, mbele ya kuhesabu umeme na nyumba. Saa sita za kujaribu haziko nyingi mbele ya hesabu hiyo.

Diski za okazio

Diski ya okazio inaweza kuwa nzuri, lakini haihukumiwe kwa sura ya inje. Programu ya bure yenye jina CrystalDiskInfo inasoma maisha ya diski: imefanya kazi saa ngapi na kama iko na sehemu zenye zimekufa. Rangi ya bluu maana yake iko vizuri, manjano ni angalisho, nyekundu ni hatari. HDD yenye inapiga sauti ya tak-tak-tak wakati inaanza, hata kama bei yake ni ya zawadi, haifae kuchukuliwa.

Kuko pia njia yenye haiombe feza nyingi. Mutu mwenye kompyuta ya kubeba yenye imekufa anaweza kutoa diski yake ya inchi 2,5 na kuitia ndani ya boitie ya USB 3.0. Kama ni ya giga 250 ao zaidi na ingali muzima, PS4 itaikubali. Ile ya USB 2.0 ni bei ya chini, lakini kwa kazi hii haifae.

Wengine wanachagua kubadilisha diski ya ndani ya PS4 yenyewe. Ni jambo lenye linawezekana: inaomba diski ya SATA ya inchi 2,5 yenye haipite milimetre 9,5 kwa unene, na flash yenye programu ya mashini ili kuitia upya. Faida yake ni kwamba hakuna kamba ya inje yenye mutoto atavuta. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinaanza kwa sifuri, na kazi mbaya ya fundi inaweza kuumiza mashini.

Kuformati: pale picha za familia zinapotelea

PS4 haikubali kutia michezo ndani ya diski mbele ya kuiformati katika mutindo wake yenyewe. Kuformati kunafuta kila kitu: filme, picha, mahubiri, kazi za chuo, hati za biashara. Mashini inauliza kwanza, lakini kijana mwenye haraka ya kucheza anagusa ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho.

Kisha pale, ile diski haitatumika tena kwa kompyuta bila kuformatiwa upya. Na hapa kuko mutego wa pili: mutu akiichomeka kwa kompyuta, Windows inasema kama haiijui na inauliza kama aiformati. Akikubali, michezo yote ya PS4 inaenda. Kwa hiyo diski ya michezo ikuwe ya michezo tu. Ni vizuri kubandika karatasi juu yake yenye kuandikwa PS4, ili mutu wa nyumba asiichukue kwa kutia filme. Na diski yenye picha za familia ibakie mbali na konsoli.

Watu wajue pia kama hatua za muchezo, maana yake fasi kwenye mutu alifikia, hazitunzwe ndani ya diski ya inje. Zinabakia ndani ya PS4. Mashini ikiungua, diski ya inje haitazirudisha. Kwa PS4, kopia yake inaweza kufanywa ndani ya flash ya kawaida, kupitia parametere ya mashini. Kijana mwenye anacheza muchezo mumoja tangu miezi sita angefanya vizuri kufanya ile kopia kila mwisho wa mwezi.

Tena, diski haichomolewe hivihivi. Kwa parametere, upande wa vifaa vya USB, kuko fasi ya kuambia mashini iache kuitumia. Ao mutu azime PS4 kabisa. Taa ya rangi ya machungwa maana yake mashini inalala tu. Haijazimwa, na diski ingali kazini.

Kubeba michezo kwa rafiki

Diski yenye iliformatiwa na PS4 moja inaweza kusomwa na PS4 ingine bila kuformatiwa tena. Ni jambo lenye linasaidia sana hapa kwetu. Mutu mwenye hana koneksio nzuri anaweza kupeleka diski yake kwa ndugu mwenye koneksio ya mwezi, kuingia kule na konti yake mwenyewe, kuleta muchezo wenye alinunua, kisha kurudi nao nyumbani. Nyumbani, PS4 yake inapaswa kuwa imeandikishwa kama mashini ya kwanza ya ile konti. Hivyo muchezo utafunguka hata bila intaneti. Kwa michezo ya CD, CD yenyewe inapaswa kuwa ndani. Diski inabeba muchezo, lakini haibebe haki ya kuucheza.

Na mutu mwenye siku moja atapata PS5 hatapoteza kitu: ile diski ya PS4 inasomwa na PS5 kwa michezo yake ya PS4.

Mbele ya kutoa feza

Mununuzi wa diski kwa PS4 anaweza kujiuliza maswali haya palepale mbele ya muuzishaji:

Ni USB 3.0, na kamba yake iko? Ukubwa wake ni kati ya giga 250 na tera 8? Bei yake inakaribia ya zingine za ukubwa ule, ao iko chini kupita kiasi? Inaomba prizi yake yenyewe, ao inatosheka na USB? Muuzishaji anakubali ijaribiwe kwa kompyuta ao kwa PS4, na anatoa fakture yenye jina la duka, tarehe na siku za garanti?

Muuzishaji mwenye iko na diski nzuri hana sababu ya kuogopa maswali hayo. Yule mwenye anakasirika, anasema wateja ni wengi, ao anakataa kuandika garanti, ni vizuri kumushukuru na kuenda kwa duka lingine. Mbele ya kufungula sali siku ya Posho, diski ikuwe imekwisha kujaribiwa tangu siku ya Tano, na michezo yenye watoto wanaomba zaidi iwe imefunguka mara moja mbele ya macho ya mwenyewe.